"Akili iliyopoteza fahamu" ni akili gani hiyo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya saikolojia kuhusu haiba ya mtu na ile sehemu ya akili inayofanya kazi bila mwenyewe kujua. Nimeandika "akili iliyopoteza fahamu", mwenzangu kanicheka, anasema ni "akili isiyojitambua". Nani yuko sawa? Na haiba ndo tabia?

Jibu: Marahaba. Mwenzako ana haki ya kucheka ila na yeye asitambe, manake lake nalo lina kasoro.

Tuanze na lako. Kupoteza fahamu ni kuzimia, mtu yuko chini anapepewa na kumwagiwa maji. Sasa hebu soma hii, "akili iliyopoteza fahamu ndiyo iliyomfanya amchukie bosi wake", yani akili imezirai huku inachukia watu? Mwandishi wako anasema kinyume kabisa, hiyo sehemu iko macho usiku na mchana, asiye na habari ni mwenye nayo.

Na hapo ndo mwenzako alipojikwaa. "Isiyojitambua" ina -ji-, kwa hiyo anayetambua na anayetambuliwa ni kitu kimoja, akili haijijui yenyewe. Lakini anayekosa kujua hapa ni mtu, na asichokijua ni akili yake, kwa hiyo sarufi inataka "akili asiyoitambua mwenyewe", -ji- imepisha -i- na maana imekaa. Halafu siku hizi mtaani ukimwambia mtu hajitambui umemtukana. Mimi ningeandika "akili fiche", ni fupi na "fiche" tumeshaizoea kwenye "maana fiche". Ukitaka kielezi basi "bila kujijua" inatosha, "alikuwa anatingisha mguu bila kujijua", hapo -ji- ni halali kwa sababu anayejijua au asiyejijua ni mtu mwenyewe.

Haiba na tabia si kitu kimoja. Tabia ni yale anayoyafanya mtu mara kwa mara, ndo maana mazoea hujenga tabia, ila huwezi kusema mazoea hujenga hulka, hulka mtu kazaliwa nayo. Haiba vitabu vya saikolojia vinaitumia kwa jumla ya vile mtu alivyo na sina ugomvi nayo, tatizo msomaji wa kawaida akisikia "ana haiba" anaelewa ana mvuto, kwa hiyo ukiitaja mara ya kwanza ieleze: jumla ya hisia, fikra na mwenendo wa mtu. Cha kuchekesha ni kwamba kwa Kiarabu haiba ni ule ukuu unaowatia watu kicho, na neno la Kiingereza unalotafsiri, personality, limetokana na persona ya Kilatini, kinyago cha mwigizaji, yani kote kulianzia sura ya nje.

Na usiogope maneno ya kila siku. Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alipogawa nafsi mafungu matatu mwaka 1923 alitumia Kijerumani cha kawaida tu, Ich ambayo ni "mimi", Es ambayo ni kiwakilishi cha kitu kama "hiyo", na Über-Ich, ile "mimi" ya juu. Waliomtafsiri kwa Kiingereza ndo wakakimbilia Kilatini, ego na id, ikawa inasikika kama jina la dawa. Sisi tuna "moyo unakataa", tuna "machale yamenicheza", mtu hajui kajuaje lakini kashajua.

Kama makala inagusa pale mtu anapoita jina la mpenzi wa zamani mbele ya mpya, usibuni istilahi, andika "ulimi kuteleza". Freud alichapisha maandishi kuhusu makosa ya namna hiyo mwaka 1901 akidai hayaji bure, yana kitu yamekificha. Sasa angalia Kiswahili, "ulimi umeteleza", kiima ni ulimi, mwenye ulimi hayumo kabisa kwenye sentensi.