Mkuu, hiyo ya GB 128 kwa elfu 35 usiilipie

Simama hapo hapo. Unasema umepata MP3 pleya mpya ya GB 128 kwa elfu 35, betri saa 40, bluetooth ipo, unataka kujua kama itafaa kusikilizia taarab na mawaidha kwenye daladala. Usitoe hela! Hiyo 128 ni maandishi ya kwenye boksi tu.

Mimi niliuziwa ya hivyo hivyo Kariakoo, imeandikwa 64. Ukiichomeka kwenye kompyuta inasoma 64 kweli, maana wanaochakachua wanabadilisha programu ya ndani ya chipu ili idanganye, lakini memori yenyewe ni GB 4 au 8 basi. Unakopi nyimbo zinaingia zote bila kugoma, kumbe nafasi halisi ikiisha zinazokuja zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Majina unayaona yote kwenye kioo. Unabonyeza, dakika zinasoma 00:00, au wimbo unaanza vizuri halafu katikati anaingia mwimbaji mwingine kabisa, unakwaruza, unakata.

Na hela si kitu. Humo nilihamishia kanda za harusi ya wazazi na za bibi akiimba, nilizokaa usiku kuzigeuza MP3, kanda zenyewe zilishaota kuvu, na laptop ilikuwa imejaa nikazifuta huko. Nikarudi dukani, yule jamaa mkavu kabisa ananiambia "umejaza vibaya kaka, ifomati tu itakaa sawa". Anajua anachouza na bado anakwambia ufomati! Fomati ndo ikamalizia na zile chache zilizokuwa bado zinasikika, sauti ya bibi ikaondoka hivyo, na bibi mwenyewe hayupo. Mtu wa hivyo sina msamaha naye.

Kwa hiyo sheria ya pleya ni moja: kisichojazwa kikasikilizwa hakilipiwi. GB 128 huwezi kuijaza pale kaunta, itachukua masaa, ndo maana nakwambia achana nayo. Tafuta yenye tundu la kadi ya memori, memori ya ndani hata iwe GB 8, hiyo unaijaza na laptop yako pale pale dukani muuzaji anune asinune, halafu unacheza wimbo ulioingia wa kwanza kabisa mpaka mwisho. Kadi nunua peke yake, GB 32 inatosha, MP3 ya kawaida ya 128 kbps (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti, si GB) dakika moja inakula kama MB 1, hapo una zaidi ya saa 500 za taarab, na hizi pleya za bei rahisi nyingi hazisomi kadi ya zaidi ya 32 hata hivyo. Ukifika nyumbani kadi hiyo ipime na H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Linux, ni programu za bure za kupima nafasi halisi, kabla hujaweka hata faili moja.

Na risiti aandike GB ngapi kwa mkono wake. Akikataa kuandika, toka.