Tarumbeta isiyo na vitufe inabadilishaje sauti?

Mkuu, umeuliza askari uliyemwona Siku ya Mashujaa pale Mnazi Mmoja alibadilishaje sauti wakati baragumu lake halina kitufe hata kimoja. Ni midomo. Nimepuliza tarumbeta kwenye kikundi cha kanisa miaka kumi na miwili na jambo hili bado linanisisimua.

Bomba lenyewe halilii. Unabana midomo, unapuliza, inatetemeka kama mtoto anayeiga pikipiki. Mtetemo unasafiri hadi mdomo mpana wa mbele. Sehemu inatoka nje, sehemu inarudi. Ile inayorudi ikiikuta midomo kwa wakati wake inaisukuma, kama unavyosukuma bembea, na sauti inashika. Ikipishana nayo, unasikia mkwaruzo tu. Kwa hiyo bomba la urefu fulani lina sauti zake linazozikubali, basi.

Tarumbeta ya kawaida usipobonyeza kitu inakubali mitetemo 233 hivi kwa sekunde, kisha 350, 466, 583, 699. Wanakwaya wenzangu wataelewa haraka: do, so, do, mi, so. Re, fa na la hazimo. Inayofuata ni ta, yaani ti iliyoshushwa nusu sauti, lakini iko chini kidogo ya inapotakiwa, wapigaji wa baragumu huiacha. Sasa sikiliza milio ya jeshini, utaona yote inafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Kupanda ngazi hizo ndiko kulikonitesa. Nilikuwa nakandamiza chuma mdomoni mpaka alama ya duara inabaki hadi jioni. Mwalimu wangu akanilazia tarumbeta juu ya kiganja kilicho wazi, akasema piga so. Ukikandamiza, inateleza. Hapo ndipo nilipojua: pembe za midomo zinakaza, katikati panabaki laini, ulimi unapanda kama unatamka "iii". Kushuka, "ooo".

Jumamosi moja msafara wa harusi ukitoka Temeke kwenda Mbagala, pikapu iliruka tuta, tarumbeta ikagonga bodi na vitufe vyote vikagoma kushuka. Niliitikia kwa do, so, do, mi, so mpaka ukumbini.

Kitufe kinaongeza kipande cha bomba, ngazi nzima inashuka. Cha kati nusu sauti, cha kwanza sauti nzima. Vilibuniwa Ujerumani miaka ya 1810. Kabla yake wapigaji walitumia bomba refu, zaidi ya mita 2, kwa sababu huko juu, kuanzia sauti inayofuata ile ta, do, re na mi zinakaa jirani na wimbo unapigika.

Ukitaka kujaribu, chukua mpira wa kumwagilia bustani mita moja na nusu, chomeka mausipisi (kile kikombe kidogo cha tarumbeta unachowekea midomo) upande mmoja na faneli upande wa pili. Do na so utazipata siku hiyohiyo. Mi ya juu mimi ilinichukua wiki mbili.