Treni ya siku ya soko Taveta

Swali lenu la wiki hii linatuuliza ni huduma gani iliyofungwa mahali petu tungependa irudi, na kwa nini. Mimi sihitaji kufikiri sana. Ni treni ya Voi hadi Taveta, iliyopita kwenye tawi la reli la zaidi ya kilomita 100 linalochepuka kutoka njia kuu ya Mombasa na Nairobi, likapitia Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni hadi mpakani, chini ya Kilimanjaro. Nilizaliwa na kukulia Mwatate. Naomba wahariri wanivumilie nikijibu kwa urefu, kwa kuwa watu wa kwetu wakilizungumzia tawi hili huishia kwenye masikitiko, na chanzo cha kufa kwake hakitajwi.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa mboga. Treni ilitoka Voi alfajiri, siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko la Taveta, na sisi wa Mwatate tulikuwa stesheni kabla jua halijachomoza. Kwenye boriti ya baraza kulining'inizwa kipande cha reli cha urefu wa mkono, na karani alipokigonga kwa chuma tulijua treni iko njiani, hata kama masikio yetu hayajasikia lolote. Hapo ndipo mama alipoikagua mizigo yake mara ya mwisho: magunia mawili ya kabichi na karoti zilizoteremshwa kutoka milima ya upande wa Wundanyi, midomo yake imeshonwa kwa kamba ya mkonge. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa juu ya gunia la pili hadi la kwanza lipakiwe. Gadi alimfahamu kwa miaka mingi. "Mama, tuanze na lile zito," alimwambia, kisha akashuka mwenyewe kushika pembe ya gunia. Tiketi ilikuwa kikadi kigumu kisichozidi urefu wa kidole changu, kimetobolewa pembeni, nami nilikifumbata kiganjani hadi jasho likakilegeza.

Kichwa cha treni kilikuwa cha dizeli, lakini wazee waliendelea kuliita gari la moshi, na sisi watoto tukafuata. Halikuwa na haraka. Mabehewa ya abiria yaliunganishwa na ya mizigo, na katika kila stesheni lilisimama muda wa kutosha mtu kushusha mbuzi, kupandisha godoro na kuulizana habari za wagonjwa. Baada ya Maktau nyika ilifunguka. Hapo reli inapita katika nchi ya Tsavo Magharibi, na zaidi ya mara moja nilimsikia dereva akipiga honi ndefu na kupunguza mwendo hadi tukawa kama tunatembea kwa miguu, kwa sababu ndovu walikuwa wanavuka, wamejipaka udongo mwekundu wa Tsavo hadi huwezi kuamini kwamba ngozi yao ni ya kijivu. Hakuna aliyelalamika kuchelewa. Mama alitumia nafasi hiyo kuhesabu upya vikabichi vyake vidogo na kuamua vipi ataviuza kwa fungu.

Jioni, wakati wa kurudi, behewa la gadi lilijaa ndizi. Ukiwa umekaa karibu na mlango wake uliona mikungu imesimamishwa wima, mmoja umeegemea mwingine, imetenganishwa kwa majani makavu ya mgomba ili isichubuke, na kila mkungu una alama ya mwenyewe: uzi mwekundu, kipande cha kanga, fundo la ukambaa. Mama alifunga kitambaa cha bluu. Ndizi hizo zilishuka Bura, zikashuka Mwatate, nyingine zikaenda Voi kuunganishwa na safari za Mombasa. Ninaeleza haya kwa makusudi, kwa sababu anayesema reli ni ya mizigo mikubwa tu, saruji na makontena, hajapata kuona mwanamke mwenye mikungu sita akihudumiwa na treni kwa heshima ile ile aliyohudumiwa nayo mwenye shamba la mkonge.

Sasa niseme jinsi tawi hili lilivyozaliwa, maana ndipo palipo na kiini cha jibu langu. Halikujengwa kwa ajili ya mama yangu, wala kwa ajili ya mkonge. Agosti 1914 vikosi vya Wajerumani viliingia Taveta, na kutoka huko doria zao zilikuwa zikivuka nyika kwenda kulipua reli ya Uganda, yaani ile njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Waingereza walitaka kuwarudisha nyuma, lakini kati ya Voi na Taveta maji ni ya shida, na jeshi kubwa lisingeweza kupita kwa miguu na wanyama wa kubeba mizigo pekee. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea Maktau. Makaburi ya vita hiyo bado yapo Voi, Maktau na Taveta, na baadhi ya waliolala Maktau ni askari wa Kihindi. Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata Taveta ikachukuliwa, na reli ikasogezwa mbele hadi Kahe, karibu na Moshi katika Tanzania ya leo, ikakutana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911.

Kukutana huko Kahe ndiko kulikoipa reli ya vita maisha ya amani. Njia zote mbili zilikuwa za upana wa mita moja, kwa hiyo behewa lililopakiwa Moshi liliweza kufika Mombasa bila mzigo kuhamishwa. Mashamba ya mkonge ya Mwatate na Taveta yakapata njia ya bandarini, na wachuuzi kama mama wakafuata nyuma ya mkonge. Tawi letu lilikuwa daraja kati ya reli mbili, na daraja lina maana pale tu ncha zake zote mbili zinapogusa ardhi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa kwa nchi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Taveta, iliyokuwa kituo cha njiani, ikawa mwisho wa reli. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini mizigo ilikuwa imekwisha kujifunza njia nyingine. Mimi nimeipanda treni hiyo katika miaka hiyo ya baadaye, na siku za soko ilijaa hadi milangoni. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba ilikufa kwa kukosa watu. Watu walikuwapo. Kilichokosekana ni upande wa pili wa daraja, na tawi lisilo na mizigo ya kuvuka halikuweza kulipiwa mafuta na kabichi zetu. Safari zikapungua, zikaruka wiki, kisha siku moja kipande cha reli hakikugongwa, na hakuna mtu aliyetujia kutueleza. Mama alikaa na magunia yake barazani hadi saa nne asubuhi.

Wapo watakaoniambia kwamba barabara ya lami kutoka Mwatate hadi Taveta imekwisha kujengwa na matatu zipo kila saa. Ni kweli, na naishukuru barabara hiyo. Imeokoa maisha ya wagonjwa wengi kuliko reli ilivyoweza. Lakini matatu haipakii mikungu sita, na lori halisimami kwa ajili ya mtu mmoja.

Kinachonipa ujasiri wa kuandika leo ni habari ya upande wa pili. Tanzania imeifufua njia ya Tanga hadi Arusha: treni za abiria kutoka Dar es Salaam zilirudi Moshi mwishoni mwa mwaka 2019, zikafika Arusha mwaka 2020. Maana yake ni kwamba Kahe, ile ncha iliyokatwa, inapitiwa na treni tena. Upande wetu, Voi ina stesheni ya reli mpya ya SGR tangu 2017, ingawa hiyo ni pana zaidi na mabehewa ya zamani hayawezi kupita juu yake, na njia kuu ya zamani ya mita moja bado ipo kando yake. Katikati ya Voi na Kahe ndiko kulikokufa.

Mwaka jana nilitembea juu ya reli hiyo kwa saa moja hivi kutoka Mwatate kuelekea Bura. Mgunga umeota katikati ya mataruma, shina lake nene kama paja la mtu mzima, na mizizi imeinua upande mmoja wa chuma. Hatua chache mbele, misumari ya kushikilia reli imeng'olewa kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, na nadhani sote tunajua imekwenda wapi. Serikali ilipoisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda mwaka 2022, niliomba moyoni isifunguliwe tena.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ningependa treni irudi, lakini sidai ianzie Voi. Ianzie Taveta kwenda Kahe, kipande kifupi ambacho mwisho wake una uhai tayari, kipakiwe ndizi, vitunguu na mahindi ya soko la mpakani, na huku kwetu, hadi zamu yetu ifike, mtu alipwe mshahara wa kuikata ile migunga na kuilinda misumari iliyobaki.