Mama anacheza upatu kwa ajili ya kazi ambayo sina

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 23, naishi Mwanga hapa Kigoma na mama yangu na wadogo zangu wawili. Nilimaliza shahada Dodoma mwaka jana. Mama anauza dagaa Kibirizi, na ndiye aliyenisomesha pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Miezi minne iliyopita niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Niliporudi mama akaniuliza, "Wamekuchukua?" Alikuwa amechoka na anatabasamu, nikajikuta nasema ndiyo, nasubiri barua ya kuripoti. Hawakunichukua. Tangu siku hiyo amewaambia watu wote. Sasa zamu yake ya upatu inafika mwisho wa mwezi, na anasema fedha yote ni yangu, ya nauli, suti na kodi ya chumba. Mimi nimekopa kwenye programu nne za simu ili nionekane najiweza. Nilianza na elfu hamsini, sasa nadaiwa jumla ya shilingi 340,000 na wameanza kutuma meseji kwa watu walio kwenye simu yangu. Wenzangu niliosoma nao wana kazi, wawili wameoa. Nina mchumba Dodoma, naye anajua nina kazi. Najiona nimechelewa maisha. Nifanyeje?

Msubiri barua, Mwanga

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama palepale, pale mama alipokuuliza akiwa amechoka na anatabasamu. Sikulaumu kwa neno lililokutoka jioni ile. Mtoto asiyempenda mama yake asingedanganya pale. Lakini neno la jioni moja umeliacha likafikisha miezi minne, na sasa limebeba upatu.

Nikusimulie lililonipata mimi. Nilipokuwa na miaka 21 nilirudishwa kutoka chuo cha ualimu kwa kufeli masomo mawili. Nikafika nyumbani Ujiji na sanduku langu, nikamwambia baba tuko likizo. Baba alikuwa fundi cherehani, anashona barazani, na kila mteja aliyeleta kitambaa alimwambia, "Huyu binti yangu mwakani ni mwalimu." Mimi nipo ndani nasikia. Likizo ikawa ndefu, hakuna aliyeniuliza. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akakaa kwenye cherehani bila kushona. Kuna mzee ambaye mwanawe alisoma nami, alikuwa amempa mkono mbele ya watu akamwambia, "Pole kwa yaliyomkuta binti." Baba hakunigombeza. Usiku aliniita, akaniambia, "Kufeli ningekubebea. Umenifanya nikaongopa msikitini." Basi. Alinirudisha shule nyingine, nikamaliza, nikafundisha. Lakini mpaka alipofariki, kila nilipomwambia jambo, alinitazama machoni kwanza kabla ya kuitikia. Ule mtazamo ninauona hata leo ninapokuandikia.

Ndiyo maana sikubali unaposema unamficha mama asiumie. Kila alfajiri mama yako anashuka Kibirizi kungoja mitumbwi irudi na mzigo wa usiku, na wakati anapatana bei ya beseni anawasimulia wenzake habari za mwanawe. Anausambaza uongo wako kwa moyo mweupe. Siku utakapojulikana, wewe utakuwa kijana aliyekosa kazi, na vijana hao wamo karibu kila nyumba hapa kwetu. Atakayeonekana mwongo ni yeye, mbele ya wanawake anaocheza nao upatu. Na upatu wa sokoni hauna mahakama wala dhamana. Mtu anatoa fedha yake leo kwa kuamini kwamba mwenzake aliyekwisha pokea ataendelea kutoa kesho, na anamwamini kwa sababu anamjua kuwa neno lake ni neno. Ukilichafua neno la mama, umeigusa biashara yake.

Mwambie leo. Kwa nafsi yangu ningependa ungoje mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na mama anakuwa nyumbani, mwili umetulia. Lakini wanaokudai hawaangalii mwezi. Jina "Mama" limo kwenye simu yako kama majina mengine, na meseji yao ikimfikia kabla yako, atasikia kuhusu mwanawe kutoka kwa mtu anayemwita mwizi. Huo ukweli hata ukija kuueleza baadaye, utakuwa umeufuata, hukuuleta.

Subiri wadogo zako wamelala. Usianze na maelezo ya usaili ulivyokuwa, wala habari za watu kupeana kazi kwa kujuana, hata kama unaamini ndivyo ilivyokuwa. Anza na jambo lenyewe. "Mama, ile kazi sikupata. Nilikudanganya siku niliporudi. Na nina deni la simu, 340,000." Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kukutukana, anaweza kuinuka akaenda kuosha sufuria ambazo tayari ni safi. Usimfuate kumbembeleza, maana ukimbembeleza utakuwa unatafuta yeye akutulize wewe. Akirudi kukaa, mwambie jambo la pili, na hili ulitamke kwa mdomo wako: fedha ya upatu si yangu, ifanyie kazi zako.

Hapo najua nakugusa pabaya. Utakuwa umeshapiga hesabu kwamba zamu ile ingefuta madeni yote kwa siku moja. Ingefuta, kweli. Na mama akikubali atakupa, kwa sababu ndivyo walivyo. Ikatae. Fedha ile imekusanywa kwa ajili ya uongo wako, haiwezi tena kutumika kulipia uongo wako. Na kwa mfanyabiashara wa dagaa zamu ya upatu ndiyo mtaji unaomvusha kipindi kigumu. Unakumbuka Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaane? Miezi mitatu bila dagaa wapya. Muulize mama aliwalishaje wadogo zako miezi ile. Muulize kabla hujafikiria kuigusa shilingi ya upatu.

Twende kwenye deni. Chukua daftari, chora mistari, andika kwa kila programu fedha iliyoingia mkononi mwako kweli, uliyokwisha kurudisha, na wanayodai sasa. Sisemi ulichoomba, nasema kilichoingia, maana wengine hukata chao kabla hawajakutumia. Ukimaliza utaona wapi ulikopa huku ili ulipe kule. Kuanzia leo hukopi tena kulipa mkopo, hata wakikuahidi kiwango kikubwa zaidi. Mikopo hii watu wameiita kausha damu, nami sijapata jina linaloifaa zaidi.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama zako zimo. Kama zimo, ripoti. Hata hivyo sitakudanganya kwamba hapo umesamehewa. Fedha uliyopokea na ukala ni ya watu, na mimi nakushauri urudishe kile ulichopokea, kidogo kidogo, ukianza na wenye leseni. Wanachokufanyia kwenye simu za watu ni jambo jingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Usifute meseji hata moja. Piga picha ya kila moja, na waombe waliotumiwa wakurushie walizopata. Najua kuwapigia hao watu ni kama kumeza mwiba. Wapigie. Usiwaambie simu yako ilidukuliwa. Waambie nilikopa, nimeshindwa, nalipa, samahani kwa usumbufu. Wengi watakujibu kwa upole kuliko unavyotegemea, na wachache watakucheka, nao watachoka.

Mkopo wa Bodi usiuchanganye na haya. Ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara, una utaratibu wake, na hautakuja kukuaibisha kwa shangazi yako usiku wa manane.

Sasa, fedha ya kulipa utaitoa wapi? Nimeona barua nzima umeitaja Kibirizi mara moja tu, kwamba mama anauza huko. Hukusema kama huwa unakwenda. Nahisi huendi, na kama nakuonea nisamehe. Shuka naye kesho alfajiri. Pale kuna mzigo wa kubeba kutoka majini, kuna dagaa wa kuanika, wa kugeuza, wa kuanua kabla ya mvua, na wenye mzigo wanalipa kwa siku. Si fedha nyingi. Lakini ni fedha ambayo jioni unaiandika kwenye daftari lako la deni na namba inapungua, na hilo miezi minne hujaliona.

Na ukiwa pale tumia macho uliyosomeshwa. Dagaa wanaoanikwa mchangani wananyonya mchanga, mpishi wa Dar es Salaam akiwatafuna meno yanakwaruza, kesho haulizi tena dagaa wa Kigoma. Wanaoanikwa kwenye chanja wanakauka safi na wanapata bei nzuri zaidi. Je, mama anaanika wapi? Kama ni mchangani, ni kwa sababu gani, mbao, wavu, au nafasi? Anajua kwa mwezi anabaki na kiasi gani baada ya nauli, chumvi, magunia na kile alichokopesha wateja? Wanawake wengi niliowajua sokoni wanaiweka hesabu yote kichwani, na kichwa cha mtu aliyeamka saa kumi usiku kinachoka. Mfungulie daftari. Wewe uliyemaliza chuo huwezi kukosa la kufanya kwenye biashara iliyokusomesha.

Utaniambia watu watasema, mwenye shahada anabeba ndoo za dagaa. Watasema, ndiyo. Sisi wa Kigoma tunaitwa mwisho wa reli, na nadhani ndiyo maana tumezoea kusindikiza vijana stesheni kuliko kuwapokea. Anayerudi tunamuuliza kwa macho, umefukuzwa? Hili ni kosa letu wakubwa, na linaniuma kwa sababu linawafanya watoto kama wewe mkae ndani mchana kutwa mkisubiri giza. Lakini wiki mbili tu ukishuka kila alfajiri, hao hao watazoea, na atakayekuwa anatembea kifua mbele pale Kibirizi ni mama yako.

Kuhusu kuchelewa, mwanangu, una miaka 23. Umenitajia wawili waliooa na wachache walioajiriwa. Wale wengine mliokaa nao darasa moja wako wapi? Waliokaa nyumbani kama wewe hawaweki picha WhatsApp, ndiyo maana huwahesabu. Mpigie mmoja wao wiki hii, umuulize anaendeleaje. Nadhani utasikia sauti yako mwenyewe.

Na kazi usiache kuomba. Kuitwa kwenye usaili maana yake karatasi zako zilipita mbele ya macho ya mtu zikakubalika. Hilo ulilishika mkononi ukalitupa pamoja na aibu. Kaa uandike maswali yote unayoyakumbuka na wapi ulikwama. Hakikisha taarifa zako za kitambulisho cha taifa (NIDA) na vyeti vinalingana herufi kwa herufi, uingie kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira mara kwa mara, uombe na za halmashauri za huku kwetu. Fanya hayo mchana, dagaa wakiwa juani.

Mchumba wako mwambie wiki hii hii, kwa sauti, si kwa meseji. Akiondoka atakuwa ameondoka kwa kijana mwenye kazi Dar es Salaam, ambaye hayupo. Sina zaidi hapo.

Jina lako sikuliweka, kama ulivyoomba. Lakini Mwanga na Kibirizi ni padogo, na wauza dagaa wenye watoto waliomaliza Dodoma, wakangoja barua ya kuripoti miezi minne, hawawezi kuwa wengi. Kuna mwanamke pale sokoni atasomewa safu hii na binti yake, atanyanyua kichwa amtafute mama yako kwa macho. Nimeichelewesha kwa siku tatu baada ya kukujibu kwa simu, ili uwe umeshaongea naye. Kama bado, weka simu chini sasa uende. Halafu niandikie alichokujibu.

Shangazi yako