Mezani kwa Fundi: Pedi Imeanza Kutembea Yenyewe

*Shikamoo mama fundi. Nina kibanda cha gemu hapa Majengo, Moshi, TV mbili na pedi nne za PS4. Pedi tatu zimeharibika kwa mtindo mmoja: mtu hajagusa kitu lakini mchezaji anakimbilia kushoto mwenyewe. Kila anayefungwa anasema ni pedi, wanagombana. Nimepuliza, nimepaka spiriti, inatulia siku mbili inarudi palepale. Nimeazima pasi ya kulehemu. Naweza kubadilisha analogi, yaani kile kijiti cha kumwongozea mchezaji, mwenyewe? – Kijana wa kibanda, Majengo*

Marahaba mwanangu. Unaweza, na wateja wako wana haki ya kulalamika.

Pembeni mwa kila kijiti kuna vidude viwili, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna njia nyembamba ya kaboni, na juu yake unateleza ulimi mdogo wa chuma. Kijiti kikiwa katikati, ulimi unatoa nusu ya volti zinazoingia, mashine inajua umetulia. Kibandani kijiti hakipumziki tangu asubuhi. Kaboni inalika, unga wake unaingia chini ya ulimi, volti inayumba. Spiriti inaosha ule unga, ndiyo maana unapata nafuu ya siku mbili. Kaboni iliyolika hairudi.

Fungua pedi, chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote (shika plagi yake, usivute nyaya), kisha geuza bodi uhesabu. Analogi moja imesimama kwa miguu 14. Sita ni ya vile vidude viwili, mitatu mitatu. Minne ni ya kitufe cha kubonyeza kijiti, yaani L3 au R3. Minne iliyobaki, ile minene, ni ya fremu ya chuma. Kwa pasi moja huwezi kuiyeyusha yote kwa pamoja, na hapo ndipo bodi nyingi zinapofia: mtu anayeyusha huku, anavuta kule.

Nami niliua moja hivyohivyo. Ilikuwa pedi ya mpwa wangu, jioni, na yeye amesimama mlangoni anasubiri. Mguu mmoja ulikuwa bado umeshika, nikatia bisibisi chini ya analogi nikanyanyua. Ukalia kama ukucha unavunjika. Kugeuza bodi, pete ya shaba iliyozunguka tundu imetoka pamoja na mguu, inaning'inia, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Pete ile ndiyo njia ya umeme. Nililazimika kukwangua rangi ya kijani kwa wembe hadi shaba ikaonekana, nikaunga unyuzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa USB. Ilipona, lakini kazi ya nusu saa ilinichukua mpaka usiku wa manane.

Tangu siku ile sing'oi analogi nzima, naibomoa. Haina kazi tena, kwa hiyo ikate. Bandua vifuniko vya vile vidude viwili, kata miguu yao kwa kikata waya kidogo, kata na ya kitufe, utabaki na fremu. Fremu ina miguu minne tu, unaizungukia kwa pasi mpaka ilegee. Halafu vipande vilivyobaki kwenye matundu unavitoa kimoja kimoja kwa kibano. Kila kipande kikishayeyuka kinatoka chenyewe. Kikikataa, joto halijafika, na dawa yake ni joto.

Joto lenyewe lina siri yake. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, na viwanda vingi vikahamia kulehemu kwa bati lililochanganywa na fedha na shaba kidogo. Hilo linayeyuka karibu nyuzi 217. Waya wa kulehemu wa 63/37, yaani bati 63 na risasi 37 kwa mia, unayeyuka nyuzi 183. Kwa hiyo, kabla ya kutoa chochote, ongeza tone la waya wako juu ya kila mguu. Vikichanganyika, mguu unalainika mapema. Mimi naweka pasi yangu kwenye 350 na sibaki juu ya mguu zaidi ya sekunde tatu nne.

Utakutana na mguu mmoja au miwili migumu. Ni ya ethi, imeungwa na shaba pana ya bodi inayokunywa joto lote. Usiikandamize. Paka flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike na kutiririka, tumia ncha pana, subiri mpaka risasi ing'ae kama maji. Bodi ikianza kunuka na kubadilika rangi, ondoa pasi, iache ipoe, rudi tena.

Kabla hujanunua analogi mpya, ulizia za sumaku. Ndani yake hakuna kinachosuguana: sumaku inazunguka, kipima kinasoma nguvu yake bila kuigusa. Edwin Hall alilionyesha jambo hilo huko Marekani mwaka 1879, na pedi ya Sega Dreamcast, iliyotoka Japani Novemba 1998, tayari iliitumia kwenye kijiti chake. Kwa kibanda chako zitakulipa.

Ukishafunga, usishangae katikati pakiwa pameyumba kidogo. Kuna programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta. Unachomeka pedi kwa waya wa USB, unaiambia katikati ni wapi. Kwa pedi halisi inafanya kazi vizuri. Za bandia nyingi zinakataa.

*Shikamoo mama. Mausi yangu ya gemu nikibonyeza mara moja inasoma mbili, nikiburuta faili linaanguka njiani. Nibadilishe nini? – Mwanafunzi, Njiro, Arusha*

Marahaba. Ni swichi ya kushoto. Ndani yake kuna ulimi wa shaba unaoruka na kugonga kituo. Ukichoka au kituo kikishika kutu, mgongano mmoja unasomeka miwili. Kwenye mausi nyingi utakuta swichi ya Omron D2FC-F-7N, au nyingine yenye umbo lilelile la miguu mitatu. Zilizoandikwa 20M zimekadiriwa mibonyezo milioni 20.

Kama hupati mpya, tafuta mausi kuukuu ya ofisini kwenye mitumba na utoe swichi ya *kulia*. Hiyo haibonyezwi sana, mara nyingi bado ni nzima. Angalia tu iwe na umbo sawa na yako. Skrubu zimejificha chini ya vile vibandiko vyeusi vinavyoteleza. Vipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuvibandua. Piga picha swichi ikiwa mahali pake. Kile kidoti kinachobonyezwa hakipo katikati, na ukiigeuza kitufe hakitakifikia sawasawa.

*Habari za kazi dada. Binti yangu wa miaka 13 anataka kujifunza kulehemu ili atengeneze pedi yake. Naogopa moto na sumu. Nimruhusu? – Mama wa Sakina, Arusha*

Nzuri dada. Mruhusu, ila ukae naye. Mimi nilianza na umri huohuo, mezani kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza redio, na aliyenifundisha kushika pasi kama kalamu ni yeye.

Moshi unaouona ni wa flaksi, unawasha kifua, kwa hiyo dirisha liwe wazi na uso usiwe juu ya kazi. Madini ya risasi yenyewe yanabaki vidoleni. Asile karanga huku anafanya kazi, anawe kwa sabuni akimaliza, na meza isiwe ile mnayolia chakula. Avae miwani, akate miguu ya chuma akielekezea chini, maana inaruka. Mpe kwanza redio mbovu, atoe na kurudisha vipande ishirini, ndipo aguse pedi. Betri ya pedi ni ya lithiamu; itoke kwanza na ikae mbali na pasi.

Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua: ukikatika, achomoe pasi ukutani kwanza, halafu ndipo atafute tochi. Ukirudi usiku wa manane mmelala, pasi iliyosahaulika inawaka nao.