Kabla Umpe Kura, Uliza Kama Alilipa Watu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni mpiga kura wa kawaida atajuaje rekodi na maadili ya mtu anayeomba kura kabla hajampa. Mimi nakodisha mahema na viti hapa Kisumu, upande wa Kondele, na kwa hii kazi wagombea nawaona karibu sana, kwa hivyo jibu langu nalitoa straight: tafuta watu waliowahi kumfanyia kazi ama kumuuzia kitu, uwaulize kama aliwalipa, na aliwalipa aje.

Usione ni kitu kidogo. Kampeni ikianza mheshimiwa hatakuja mwenyewe, atatuma kijana, "Mama, tunataka mahema manne na viti mia tatu, kesho asubuhi viwe kwa field." Deposit inaingia kwa M-Pesa, kidogo tu, salio "tutamaliza jioni". Jioni ikifika mkutano umeisha, mheshimiwa amewaahidi vijana kazi wakashangilia, ameingia kwa gari ameenda, na vijana wangu wako pale kwa vumbi wanakusanya viti, vingine vimevunjika miguu, na yule aliyeagiza simu yake imezimwa. Invoisi nikituma inasomwa lakini haijibiwi. Msimu huohuo kuna mwingine, naye alikuwa anagombea kama yule, alinipigia mwenyewe usiku akauliza salio ni ngapi alafu akaniambia nihesabu na viti vilivyovunjika nimwekee kwa bili. Kwa jukwaa hao wawili walikuwa wanaongea maneno yaleyale, maji, barabara, basari, ukiwasikiliza huwezi kuwatofautisha.

Na si mimi peke yangu. Muulize mwenye spika, mama aliyepika, dereva wa gari la kampeni, watu wa boda walioahidiwa mafuta, maajenti waliokesha kwa vituo wakilinda kura zake. Hao ndio wanajua maadili ya mtu, juu walikuwa naye wakati hakuna kamera. Mtu akiweza kumkimbia mama wa chakula na pesa yake ndogo, atakuwa aje akipewa bajeti ya kaunti? Kila mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinaonyesha kaunti zina madeni ya watu waliouza bidhaa na kufanya kazi na hawajalipwa, na nyuma ya hayo madeni kuna mtu amechukua loni benki, ame-supply, na sasa auctioneer yuko mlangoni.

Kuna watu husema aah, hiyo kazi ya kuchuja ni ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na IEBC, tume ya uchaguzi, tuko na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inayosema mambo ya uongozi na uadilifu. Ni kweli tuko nayo na ni sura nzuri. Lakini soma Kifungu cha 99 mpaka mwisho: hata mtu akifungwa, hazuiliwi kugombea ubunge mpaka nafasi zote za rufaa ziishe, na kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, Kifungu cha 193 kinasema hivyohivyo. Ndio maana 2022 EACC ilipeleka kwa IEBC orodha ya wagombea zaidi ya 200 wenye maswali ya uadilifu na wengi wao bado tuliwaona kwa karatasi ya kura. Mimi sipingi mtu kupewa haki yake kortini. Ninachosema ni kwamba kumnyima mtu kura si kumfunga, sihitaji kungoja rufaa ya mwisho ndio niamue simtaki.

Kwa yule ashawahi kushika ofisi kuna karatasi, na hazina siri. Ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko kwa websaiti ya ofisi yake, kila kaunti iko, hata NG-CDF, zile pesa za maendeleo za kila eneo bunge. Usijaribu kusoma yote, utachoka, tafuta pale odita ametaja mradi kwa jina alafu panda boda uende uone kama hiyo darasa ama kisima kiko. Kumbuka Bungoma 2015, wilibaro kumi, kila moja shilingi 109,320. Watu walicheka sana lakini ni wachache waliouliza nani alisaini. Kama ana kesi zilizoamuliwa, hukumu nyingi ziko kwa websaiti ya Kenya Law bure, andika tu jina lake. Na kama ofisi inaficha kitu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu uandike barua, wanafaa kukujibu ndani ya siku 21.

Lakini tafadhali tusibebe uvumi wa WhatsApp tukauita rekodi. Mtu akikuambia fulani aliiba, muulize aliiba nini, wapi, nani aliona, na yule mgombea pia aulizwe mbele ya watu apate nafasi ya kujibu. Kuna watu wazuri walimalizwa na screenshot moja tu ya uongo, na hiyo inaniuma kama vile wezi kuchaguliwa.

Sasa kwetu huku kuna shida kubwa zaidi, tunachelewa. Tunaambiwa tupige suti, yaani tuchague wa chama kimoja kuanzia juu mpaka MCA, na tunapiga. Ukingoja mpaka 10 Agosti 2027 ndio uanze kuuliza rekodi ya mtu umechelewa kitambo, juu huku ukishapata tiketi ya chama ni kama umeshaingia. Haya maswali yote yanafaa kuulizwa sasa, kabla ya mchujo, na watu waende kwa viongozi wa chama wa wadi waseme huyu ana madeni ya watu wetu, msimlete. Na wakimpa tiketi ya moja kwa moja bila kutusikiza, karatasi ya kura huwa na majina mengine. Ugenya, huko Siaya, kwa uchaguzi mdogo wa 2019 walimchagua David Ochieng wa MDG, chama kidogo, wakamwacha mgombea wa ODM, chama kikubwa cha huku kwetu, na 2022 wakamrudisha tena.