Waifai inayokatika kwenye kompyuta tu

Ndugu, umesema kompyuta inakata waifai kila baada ya dakika chache, ilhali simu hapo hapo mezani inashika vizuri. Basi ruta iache kwanza. Kama unatumia Windows, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), ingia kwenye kadi ya waifai, sehemu ya Power Management, uondoe tiki inayoruhusu kadi izimwe ili kuokoa umeme. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Ikigoma, tazama ulichochomeka: diski ya USB 3.0 ikikaa jirani na antena huvuruga waifai ya masafa ya GHz 2.4. Isogeze, au hamia waifai ya GHz 5 kama ruta na kompyuta zinayo. Bado inakata? Weka upya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya waifai, na uipakue kwa mtengenezaji wa kompyuta. Tovuti za ovyo zinaweza kukupa virusi. Ikiendelea kukatika, fundi aifungue aangalie waya za antena, huwa zinachomoka.